Kijani wawili, kinda wa bluu (Ndege wa barazani, sehemu ya 3)

Nimetoka zamu, watoto wamelala, nina kikombe cha chai ya tangawizi, basi leo tumalize deni la rangi.

Tangu niweke ile picha ya makinda watano, ujumbe umejaa na karibu wote unauliza kitu kilekile: baba wa kijani, mama wa kijani, sasa huyu wa bluu katoka wapi? Mmoja wenu, simtaji, kaniandikia, "Dada nesi, huyo mama kachepuka." Nilicheka mpaka mwenzangu wa zamu akaniuliza kuna nini. Lakini kicheko hakikudumu, maana sentensi hiyohiyo nimeisikia wodi ya wazazi, tena haikuwa utani. Ndiyo maana posti ya leo ni ndefu. Nitaanza na ndege, katikati nitapita wodini kidogo, halafu tutarudi kwa ndege tuchague jozi.

Kwa wageni: ndege ninaowazungumzia ni kasuku wadogo wa Australia, wale wenye mistari mgongoni kama shati la mfungwa wa kwenye katuni. Jina lao refu ni bajarigari, wengi tunakata tunasema baji. (Siyo bajaji. Mume wangu bado anatania hivyo kila tukinunua uwele.) Wauzaji wengi wanawaita "ndege wa mapenzi", hapo wanawachanganya na cherero, ambaye ni mnene zaidi, mkia mfupi, na kwao ni hukuhuku Afrika, yupo cherero ambaye kwao kabisa ni upande wa Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria. Baji kwao ni mbali. Porini kule Australia ni wa kijani, uso wa njano. Mwaka 1840 Mwingereza mmoja mtaalamu wa ndege, John Gould, aliwafikisha Uingereza wakiwa hai, na tangu hapo wamekuwa wakizaliana kwenye nyumba za watu. Rangi hizi nyingine mnazoziona zilijitokeza moja moja kwenye matundu ya wafugaji. Wa bluu walionekana Ubelgiji mwishoni mwa karne ya 19.

Kwa hiyo usidhani wa bluu, wa njano na mweupe ni makabila tofauti. Ni ndege mmoja. Huyo mweupe ni kijani aliyepungukiwa vitu viwili, nitaeleza.

Kwenye unyoya wa baji kuna rangi halisi mbili tu. Kuna njano, na kuna nyeusi, ambayo ni melanini, jamaa wa hiyohiyo iliyo kwenye ngozi yangu na yako. Sasa bluu iko wapi? Haipo. Ukimtwanga kasuku wa bluu (msimtwange jamani) hutapata unga wa bluu. Bluu inatokana na namna unyoya ulivyoundwa ndani, unavyourudisha mwanga, na weusi ulioko nyuma yake unaifanya ionekane. Mfano wake ni povu la sabuni unapofua: linatoa zambarau, kijani, waridi, lakini maji yako hayana rangi hizo. Basi juu ya bluu hiyo ya mwanga weka njano halisi, unapata kijani. Ndiyo kasuku wa porini huyo.

Ondoa njano: anabaki bluu na uso unakuwa mweupe. Ondoa melanini ukiacha njano: anakuwa njano mwili mzima, macho mekundu. Ondoa vyote viwili: mweupe kama pamba, macho mekundu.

Ndiyo maana nawaambia, mkifika kwa muuzaji msianze na tumbo. Anzeni na uso. Uso wa njano, huyo ni wa ukoo wa kijani hata kama tumbo limekorogeka namna gani. Uso mweupe, huyo ni wa ukoo wa bluu, hata kama ana rangi ya kijivu. Kuna wa bluu wenye njano kidogo usoni, wapo na ni wazuri mno, lakini hao waacheni kwanza, wanachanganya hata wazoefu. Mkishajua ukoo, angalieni macho: meusi au mekundu. Ndipo mshuke tumboni kuangalia rangi imekolea kiasi gani.

Hili la kukolea akina mama mtalielewa haraka kuliko wanaume wenye vitabu. Fikiria batiki. Kitambaa hakijachovywa, kimechovywa mara moja, kimechovywa mara mbili. Kijani asiyechovywa ni kijani cha majani machanga. Mara moja ni kijani kilichokolea. Mara mbili ni rangi ya zeituni. Kwa ukoo wa bluu ni vivyo hivyo: bluu ya anga, kisha bluu nzito ambayo wafugaji wanaiita kobalti, kisha bluu iliyofifia kuelekea kijivu-zambarau. Kila mzazi anampa kinda nusu ya michovyo yake. Kwa hiyo kobalti wawili ukiwaoanisha hawatakuzalia kobalti watupu. Kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kuwa bluu ya anga, mbili kati ya nne kobalti, moja kati ya nne ile iliyofifia. Ukitaka makinda wote wawe kobalti, chukua wa anga umwoanishe na aliyechovywa mara mbili, yule ambaye hakuna anayemtaka dukani kwa sababu anaonekana kama vumbi. Mimi nampenda huyo. Anauzwa bei nafuu na anazaa vizuri.

Madoa, mistari iliyopinduka, mgongo uliofutika, hayo yana majina yake na sina haja ya kuwachosha nayo usiku huu. Moja tu: wenye kishungi kichwani msiwaoanishe wao kwa wao. Wafugaji wazoefu humpa mwenye kishungi mwenza asiye nacho, maana wakikutana wawili baadhi ya mayai huharibika.

Sasa turudi kwa kinda wangu wa bluu na mama yake aliyesingiziwa.

Kila kinda anapokea nakala mbili za kila maelekezo ya mwili, moja ya baba, moja ya mama. Maelekezo hayo ndiyo jeni. Jeni, siyo jini! Nawaandikia kwa msisitizo kwa sababu kliniki nikitamka haraka kuna bibi anaguna na kusema "nilijua tu". Jeni ni maelekezo, kama mapishi yaliyoandikwa kwenye daftari. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani na wenzao walionyesha kwamba kinachomfanya baji awe bluu ni badiliko dogo mno kwenye jeni moja, ile inayotengeneza njano. Herufi moja imekosewa kwenye mapishi, njano haipikiki.

Lakini angalia: ukiwa na daftari mbili za mapishi, na moja imekosewa, pilau bado linapikika. Utatumia ile nyingine. Ndiyo maana kasuku mwenye nakala moja nzima na moja iliyokosewa ni kijani kabisa, huwezi kumtofautisha na mwenzake hata umpeleke juani. Ila amebeba bluu ndani. Tunamwita mbebaji.

Dume wangu ni mbebaji. Jike wangu ni mbebaji. Kila yai wanalotaga lina nafasi moja kati ya nne ya kupewa nakala mbovu kutoka pande zote mbili, na hapo ndipo anatokea wa bluu. Nasema kila yai. Watu wanakosea hapa, wanadhani mayai manne lazima yatoe bluu mmoja halafu basi. Hapana. Unaweza kupata mayai matano yote kijani, uzao unaofuata ukapata bluu watatu. Kila yai linapiga kura yake upya. Na wale kijani wanne waliobaki kwenye picha, kila mmoja ana nafasi mbili kati ya tatu za kuwa naye amebeba bluu kimya, atakuja kuitoa kwa wajukuu huko.

Kwa hiyo yule aliyeandika "kachepuka" ameshika kesi kinyume. Kijani wawili kuzaa bluu hakumshitaki mtu yeyote. Kunathibitisha kwamba wote wawili wamechangia. Ambacho kingenifanya niinue nyusi ni kinyume chake: bluu wawili, uso mweupe wote, wakazaa kijani. Hao hawana njano ya kumpa mtu, hivyo kinda wa kijani ana baba mwingine. Na hutokea, kwenye tundu lenye jozi nyingi majike hutembea, msiwaone wamekaa wametulia wanapapasana vichwa.

Haya. Wodini.

Nimepokea watoto kwa miaka mingi, na wachache kati yao walizaliwa na ualbino. Mara nyingi mama mweusi, baba mweusi, pande zote mbili hawakumbuki kumwona mtoto wa hivyo. Nimemwona baba akifunua kitenge, akamtazama mtoto, akamtazama mkewe, akasema anakwenda kununua maji. Akarudi baada ya siku mbili, na wakati huo mama mkwe alikuwa ameshauliza kila alilotaka kuuliza: alikutana na nani, alimcheka nani akiwa mjamzito, alikwenda kwa mganga gani. Yule binti alikuwa na miaka ishirini na moja. Hakuwa analia. Alikuwa ananyonyesha huku anatazama ukuta.

Simfananishi mtoto na ndege, na ninawaomba msifanye hivyo. Ninachofananisha ni njia tu, ile barabara ambayo maelekezo yamepita kutoka kwa wazazi kumfikia mtoto. Barabara ni ileile ya kinda wangu wa bluu. Baba ana nakala moja nzima na moja iliyokosewa, haonekani. Mama vivyo hivyo, haonekani. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Wanaweza kuwa na watoto watatu kwanza bila dalili yoyote, wa nne akaja. Hakuna aliyechepuka, hakuna aliyelogwa, na hakuna mzazi mmoja aliyeleta peke yake. Kwa huyu mtoto kuzaliwa hivi ilibidi baba naye atoe.

Siku ile nilimweleza mama mkwe kwa kuku, maana baji hawajui. Nikamwuliza, "Mama, kwako kijijini, mtetea mweusi na jogoo mwekundu, hujawahi kuona kifaranga cheupe?" Akasema wengi tu. Nikamwuliza, "Mtetea uliufukuza?" Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Lakini kuku ni kuku." Ni kweli, mama. Akaomba ampakate mjukuu wake.

Sitasema kwamba kila kitu kikawa sawa, sijui walivyoendelea kule nyumbani. Ninachojua ni kwamba baba alipoelewa neno "nusu yako, nusu yake", uso wake ulibadilika. Nikawapa mengine yaliyo muhimu kuliko jeni: mtoto asianikwe jua la asubuhi kama wanavyoshauriwa watu, avae kofia pana na mikono mirefu kadiri anavyokua, macho yapimwe mapema, na shuleni akae mbele karibu na ubao. Mafuta ya kukinga jua yapo, na huko Moshi, KCMC, kuna mafuta yanayotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ualbino. Ulizeni kliniki ya ngozi iliyo karibu nanyi.

Kwa nini sikutumia mfano wa kasuku mweupe, ambao ungekuwa rahisi zaidi kwa macho? Kwa sababu ungekuwa uongo. Na hapa naomba mkae vizuri kidogo, ndipo kuna utamu wa kuchagua jozi.

Kasuku mweupe mwenye macho mekundu, wafugaji wanamwita albino. Mimi namwita mweupe, maana wodini tumejizoeza kusema mtoto mwenye ualbino na sitaki mdomo wangu uzoee njia mbili. Ule upungufu wake wa melanini umebebwa kwenye kromosomu ileile inayoamua kama kinda ni dume au jike. Dume ana kromosomu hiyo mbili. Jike anayo moja tu, nyingine yake ni fupi na haina maelekezo hayo. Matokeo yake ni kwamba jike hawezi kuwa mbebaji wa siri. Akiwa nayo inaonekana, asipokuwa nayo hana. Anayeweza kuficha ni dume peke yake.

Na binti anachukua ile moja aliyo nayo kutoka kwa baba yake. Kwa mama anapokea ile fupi.

Sasa tuone mtaani. Muuzaji aliniapia kwamba nikinunua jike mweupe, nyumba itajaa weupe. Nikamwacha aape. Jike mweupe kwa dume wa bluu asiyebeba kitu: hakuna kinda mweupe hata mmoja. Mabinti wanachukua kwa baba, ambaye hana. Watoto wa kiume wanakuwa wabebaji. Geuza: dume mweupe kwa jike wa bluu. Mabinti wote weupe, madume wote bluu. Wote, siyo nusu. Kiasi kwamba siku wanapoanguliwa, kabla hawajaota unyoya, unajua nani ni nani kwa kutazama macho kupitia ngozi ya kope: wenye macho ya waridi ni mabinti, wenye macho ya giza ni wavulana. Nilimwonyesha mwanangu wa darasa la tatu jambo hili na sasa anadhani mimi ni mganga.

Ila jike awe bluu. Ukimpa dume mweupe jike wa kijani asiyebeba bluu, mabinti watakuwa njano, siyo weupe, kwa sababu mama amewapa njano. Njano haifichiki, ndiyo inayoficha.

Kidogo nje ya mada lakini siwezi kuacha. Mmesikia nimesema jike ana kromosomu mbili zisizofanana? Maana yake, kwa kasuku, ni mama anayeamua kinda awe wa kike au wa kiume. Kwetu binadamu ni kinyume kabisa. Mwanamke ana mbili zinazofanana, X na X, hana kingine cha kutoa. Mwenye X na Y ni baba. Kwa hiyo wewe unayeambiwa "unazaa wasichana tu", ungekuwa kasuku wangekuwa na hoja.

Basi tuchague jozi. Ninyi mnaanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana, mimi rangi naiweka mwisho, na nadhani mtoto wangu atanisamehe.

Kwanza hakikisha una dume na jike. Angalia ile nyama ya pua juu ya mdomo. Dume mkubwa: bluu iliyoiva. Jike: nyeupe-bluu hafifu, na anapokuwa tayari kutaga inakuwa ya kahawia, hata kukwaruzika kama gome. Makinda wanadanganya, na madume weupe na wa njano wenye macho mekundu wanadanganya maisha yote, pua zao hubaki za waridi-zambarau. Wengi wamekaa mwaka mzima na "jozi" ya madume wawili wanaopendana sana.

Pili umri. Kinda ana mistari mpaka kwenye paji la uso juu ya pua; akibadilisha unyoya wa kwanza, kwenye miezi mitatu minne, paji linakuwa safi. Jike asitage kabla ya miezi kumi hadi kumi na miwili. Anaweza kutaga mapema zaidi, ndiyo, kama ambavyo msichana wa miaka kumi na minne anaweza kushika mimba. Kuweza siyo kuwa tayari. Yai likimkwama jike mdogo, unamkuta asubuhi amejikunyata chini ya tundu amevimba manyoya, na mara nyingi umeshachelewa. Ndege mzima ana gramu 30 hadi 40, mwepesi kuliko yai la kuku, hana akiba ya kuchezea.

Ndiyo maana chokaa ni lazima kabla ya mayai, siyo baada. Ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, mnaoukuta ufukweni, uoshe, uloweke maji safi siku kadhaa ukibadilisha, uanike, utundike kwenye tundu. Haupatikani? Maganda ya mayai ya kuku, yachemshe, yakaushe, yasage. Jike anayetaga anautafuna kama mjamzito na udongo. Tofauti ni kwamba yeye unamsaidia.

Tatu, na hili ndilo ninalogombana na wauzaji: undugu. Ukinunua "jozi" kwenye tundu moja la makinda, uwezekano mkubwa umenunua kaka na dada. Rangi zao nzuri, wamezoeana, hawapigani, kila kitu kinavutia. Lakini rudini kwenye hesabu ya bluu. Kaka na dada wamerithi daftari kutoka nyumba moja, hivyo makosa yaliyofichika kwa mmoja mara nyingi yamefichika na kwa mwingine. Kosa likiwa ni la bluu, ni zawadi. Likiwa la moyo, la mifupa au la unyoya, mayai yanafia ndani, makinda wanatoka dhaifu, na wewe unalaumu hali ya hewa.

Najua kuna wanaosoma hapa ambao wameolewa na binamu zao, kwetu pwani siyo jambo geni, na siandiki hili kuwahukumu. Wengi wana watoto wazima kabisa. Lakini ndoa ya namna hiyo ikirudiwa kizazi hadi kizazi, vilivyofichika vinapata nafasi zaidi ya kukutana. Na hata msipokuwa ndugu, kuna kimoja ningependa kila wachumba wakijue: sikoseli. Barabara ni ileile ya bluu. Mbebaji anaishi vizuri tu, anacheza mpira, hajui. Wabebaji wawili wakikutana, kila mimba ni moja kati ya nne. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu. Kipimo ni cha damu. Simwambii mtu amwache mchumba wake. Binadamu hachaguliwi tumbo na uso kama ninavyochagua hawa. Nasema mjue, ili mtoto akizaliwa apimwe mapema na aanze dawa kabla maumivu hayajaanza.

Kwa ndege, daftari. Mimi nina daftari la kaunta, kila ndege ana ukurasa, kama kadi ya kliniki: baba nani, mama nani, kaanguliwa lini, ndugu zake walikwenda kwa nani. Makinda wanavishwa pete ndogo mguuni wakiwa na siku chache, kabla kidole hakijanenepa. Mwanangu ndiye anayeandika, na mwandiko umekuwa mzuri kuliko alipokuwa anaandika insha.

Hayo matatu yakitimia ndipo uangalie afya: macho makavu, pua safi, manyoya ya nyuma hayana kinyesi, anapumua mkia ukiwa umetulia. Ndipo rangi. Mara nyingi utakuta chaguo limebaki moja au mawili, na uamuzi umekuwa rahisi.

Jozi yenyewe: jike hutaga mayai manne hadi sita, siku moja anataga, siku moja anapumzika, anaatamia kama siku 18 kila yai. Kwa hiyo kinda wa kwanza anaweza kumzidi wa mwisho siku nane au kumi, msishangae kuona mmoja ana manyoya na mwingine yuko kama kidole gumba. Wanatoka kisandukuni wakiwa na wiki tano hivi. Mizao miwili, kisha ondoa kisanduku. Usipoondoa ataendelea, hajui kuacha, na dume hatamwambia apumzike.

Kwa wenye watoto wadogo: kisanduku kifunguliwe mara moja kwa siku na mtu mzima, mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada, tundu lisikae chumba anacholala mtoto mchanga. Vumbi la manyoya siyo rafiki wa mtoto mwenye pumu. Na ukipata homa, kichwa kinauma, kikohozi kikavu kisichoisha, ukienda hospitali mwambie daktari kwamba unafuga kasuku. Kuna ugonjwa wa bakteria wanaotoka kwa ndege hawa, una dawa na unatibika, lakini asiyeambiwa kuhusu ndege anaweza kuhangaika na malaria na nimonia ya kawaida kwa wiki nzima. Nilieleza sehemu ya 2, narudia kwa waliochelewa.

Kinda wa bluu amepata mwenyewe tayari, msiniandikie. Waliobaki ni kijani wawili, wote madume nadhani, pua zinaonyesha hivyo. Nitawatoa wakifika miezi mitatu, kwa nyumba mbili tofauti, na kila mmoja ataondoka na ukurasa wake wa daftari ulionakiliwa, umeandikwa kwa kalamu nyekundu: huenda amebeba bluu.

Sehemu ya 4 ni kisanduku chenyewe, vipimo vyake na mbao za kutumia. Fundi wangu kaniahidi Jumamosi. Usiku mwema.